Aliyezima Kengele na Akeshe

"Aliyezima kengele na akeshe." Mmeisikia leo kwa fundi mkuu, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwangu mimi.

Kiwanda chetu cha chokaa kilikuwa na mtandao wa waya uliounganisha chumba cha kuongozea mitambo na mashine zote. Swichi zake, yaani vifaa vya kupitishia amri kwenye waya, nilizipanga mimi. Kila mashine niliipa njia mbili: ya kwanza ikikatika, amri ipite ya pili, na kengele ilie ili tujue tumebakiwa na moja. Nilijivunia sana kazi ile.

Lakini vumbi la chokaa liliingia kwenye viungio vya waya, kengele ikawa inalia mara kumi kwa siku. Tunakimbia, tunapangusa, inanyamaza, inalia tena. Siku moja walikuja wageni, nikaona haya. Nikaingia kwenye mipangilio ya swichi nikaizima kengele, nikisema nitaiwasha wakiondoka. Sikuiwasha. Masikio yalikwishaonja raha.

Wiki ile ile njia ya kwanza ikafa kimya kimya. Kazi iliendelea kwa njia ya pili, nasi tukadhani mambo shwari. Siku moja mwezi uliofuata, waashi waliokuwa wakichimba mtaro wakaikata na hiyo ya pili.

Mchana huo rafiki yangu Mbelwa alikuwa kwenye mkanda wa kubebea mawe. Mkono wa shati ukanaswa. Zaituni, msimamizi wa mitambo, alimwona kupitia dirisha la chumba cha kuongozea, akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akabonyeza tena. Mkanda haukusimama. Jioni madaktari walimkata Mbelwa mkono wa kulia.

Nilikwenda kumtazama. Zaituni alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Hemedi, kengele ililia?" Mbelwa akaniuliza.

"Haikulia. Niliizima."

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa."

"Kuizima sikulaumu, ilikuwa inachosha. Lakini aliyezima kengele na akeshe. Wewe ulilala, ndugu yangu."

Zaituni akayabeba maneno hayo hadi kiwandani, na leo yamewafikia ninyi.

Mbelwa huja kwangu kila Idi. Akininyooshea mkono husema, "Uniwie radhi, nakupa wa kushoto." Yeye ndiye anayeniomba radhi mimi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Basi kengele ikiwachosha, safisheni waya. Mkiizima, msibanduke hapo. Aliyezima kengele na akeshe.