Ua la Nyuma ya Jiko

Wapendwa, hebu tupande kidogo milimani, kule ambako mwezi wa saba watu wanaota moto mchana kweupe na hawaoni haya. Huko kulikuwa na mama ambaye uwanja wake ndio uliokuwa sifa yake kijijini. Alfajiri ufagio, jioni ufagio. Jani lolote lililoota bila ruhusa yake liling'olewa siku hiyo hiyo. Kina mama mnacheka, mnajijua.

Mama huyu alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe wa pekee. Mkwe alipoolewa alikuja na ua la porini alilolichimba ukingoni mwa msitu wa kwao, akalipanda nyuma ya jiko, penye kivuli kidogo. Wenye bustani za mjini huliita jeraniamu la mwitu. Majani yake yamechanika kama vidole, na maua yake ni madogo, ya zambarau iliyofifia. Si ua la kusumbua. Halitaki maji ya kila siku, na ukilizidishia samadi linanenepa majani na kusahau kuchanua. Mwaka wa kwanza halikutoa hata ua moja, na mama alinung'unika kwamba ameletewa gugu. Mwaka uliofuata lilichanua mpaka wapita njia wakasimama kuuliza. Basi likawa "ua letu". Si ndivyo tulivyo?

Kisha mkwe akapata mimba, na mimba ikaharibika ikiwa tayari kubwa. Alirudi kutoka hospitali akiwa mtu mwingine. Kazi alifanya, salamu aliitikia, lakini kicheko kilikwisha, kwaya aliiacha, na mchana alikaa jikoni akiuangalia moto. Mama alimpikia uji, alimwombea, na nisimseme vibaya, alimpenda. Ila uvumilivu wake ulikuwa na mwisho. Majirani walipoanza kuulizauliza, naye akaanza kumwambia mwanawe kwamba mwanamke huyu amekwisha, arudishwe kwao akapumzike, na neno hilo "akapumzike" wote tunajua maana yake. Mwana alisikiliza, kisha akaenda zake shambani. Mwishowe mama akawaita wazee wa ukoo waje Jumamosi wakate shauri.

Ijumaa akaandaa uwanja, maana wazee hawapokelewi penye takataka. Alifagia mbele, akafagia pembeni, akafika nyuma ya jiko. Baridi ilikuwa imelichoma lile ua. Majani yalikuwa mekundu, mengine meusi, yamelala chini. Akasema moyoni, hili nalo limekwisha. Akashika jembe, akapiga pigo moja la nguvu.

Jembe lilikata mzizi mnene kama muhogo mchanga. Ndani ulikuwa na unyevu, mzima kabisa, na chini tu ya yale majani yaliyokauka kulikuwa na vichipukizi vidogo vyekundu, vimejikunja vikingoja mvua. Mama alibaki ameinama, jembe mkononi. Aliona aibu, wapendwa, aibu ya mtu aliyefumaniwa.

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Hakupiga kelele. Alikuja, akapiga magoti, akaanza kukusanya vipande.

"Nilidhani limekufa, mwanangu," mama alisema.

"Halijafa, mama. Kila kipupwe huwa hivi, ila mwaka huu baridi imezidi." Akafuta udongo kwenye kipande kimoja. "Najua wazee wanakuja kwa ajili yangu. Wakifika, waambie tu jembe lako limekuta nini hapa."

Haya, wewe ungejibu nini? Mama alipiga magoti naye, na kanga yake safi, wakachagua vipande vyenye vichipukizi, wakavifukia juu juu, wala hawakuvimwagia maji mengi, kwani mzizi uliolala ukiloweshwa huoza. Walipokuwa wakifukia, mkwe alilia kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, na mama akamwacha alie.

Jumamosi wazee wakafika, wakaketi, wakakohoa vile wazee wanavyokohoa kabla ya neno zito. Mama akatoka kuwakabili.

"Wazee wangu, nimewaita bure," akasema. "Chakula kipo. Kuleni, kisha mwende salama. Mke wa mwanangu yuko kwake."

Sasa naona macho yenu. Mnangoja niwaambie kwamba mvua zilipokuja ua lilichanua na mkwe akacheka. Sitawaambia. Mama yule alipowarudisha wazee alikuwa hajaona ua hata moja, na mimi nataka mkae pale pale alipokaa yeye.

Kwa maana sisi tunasubiri tuone maua ndipo tuseme mtu ni mzima. Yule dada aliyekuwa akiongoza kwaya yetu, yuko wapi? Yule baba aliyefiwa na mkewe, anayekaa benchi la nyuma siku hizi na kutoka kabla ya baraka, tumesema nini juu yake? Tumesema amepoa. Tumesema amerudi nyuma. Nani kati yetu amekwenda kukaa naye jikoni?

Wiki hii nenda. Usiende na mahubiri, mahubiri ninayo mimi na leo yametosha. Kaa naye tu. Na wewe ambaye umeshawaita wazee, unajijua, warudishe leo, kabla hujaona ua lolote.