Lensi ya Hatua Nne

Ndugu yangu unayetaka kununua lensi, rudisha kwanza hela mfukoni usome hii mpaka chini. Ukimaliza, mtumie na yule rafiki yako anayejifanya mshauri.

Ujiji palikuwa na mpiga picha mmoja mwanamke, jina lake Mwavita. Kazi yake ilikuwa ya ndani. Wanaume walipiga picha za ukumbini na za msafara wa magari, yeye alipiga kule ambako mwanamume haruhusiwi kukanyaga: bibi harusi akipakwa hina, akifukizwa udi, akilia mapajani kwa shangazi yake. Nyumba za Ujiji mnazijua. Ni za udongo, kuta nene, madirisha madogo, na chumba ukishaingiza kitanda na kabati umemaliza.

Kamera yake ilikuwa ya sisi tunaojikongoja. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga kilikuwa kidogo kuliko cha kamera za wakubwa. Maana yake ni kwamba lensi yoyote ukiifunga humo inakata pembeni. Inayomwonyesha mwenye kamera kubwa watu watano, wewe inakuonyesha watatu. Tena lensi yake ya zamani ilikuwa na tundu jembamba, picha za chumbani zilitoka na giza na chenga, na mara mbili alishalaumiwa kwamba kaharibu harusi ya mtu.

Basi akadunduliza mwaka mzima anunue lensi moja tu. Alitaka ile isiyovuta wala kurudisha, yenye tundu pana, inayoona hata pale ambapo dirisha ni moja. Lensi za namna hii huitwa kwa namba: namba kubwa inaona mbali lakini kwa wembamba, namba ndogo inaona kwa upana.

Dukani alimkuta Hamimu, mwenyekiti wa chama cha wapiga picha. Duka halikuwa lake, lakini alikuwa na kiti chake pale, na hakuna aliyenunua kitu bila yeye kutia neno.

"Chukua themanini na tano, dada," Hamimu alisema kabla hajaulizwa. "Tundu lake unaweza kutia ngumi. Nyuma inafuta kila kitu, anabaki mtu na uzuri wake."

"Kaka Hamimu, mimi napiga chumbani."

"Wakubwa wote wanatumia hii."

"Wakubwa wana kamera kubwa na ukumbi. Mimi nina kamera ndogo na chumba."

"Basi chukua hamsini. Kila anayeanza anaanza na hamsini." Hamimu akacheka, na mwenye duka naye akacheka kwa kuwa mwenyekiti kacheka.

Hapa ndipo ninapochemka. Dukani pale mteja akitaka kujaribu lensi anasimamishwa mlangoni, anaelekeza kamera upande wa pili wa barabara kwa mama muuza vitumbua. Picha inatoka tamu. Mama wa vitumbua kakaa sawasawa, nyuma yake kumeyeyuka, mteja anatabasamu na kulipa. Hakuna hata mmoja anayemwambia kwamba picha imependeza kwa sababu alikuwa na barabara nzima mbele yake! Chumbani kwa bibi harusi kuna barabara?

Mwavita hakusimama mlangoni. Kwa miaka yote aliyofanya kazi alikuwa akihesabu hatua kwenye vyumba vya watu, na alijua kwamba toka ukutani mpaka kitandani ni hatua nne, tano ukibahatika. Akaachana na barabara, akaegemea rafu za duka, akahesabu hatua nne, akamwomba mwenye duka asimame pale. Hamimu na wateja watatu akawaomba wajipange pembeni yake.

Akafunga themanini na tano. Alimwona mwenye duka peke yake, tena kuanzia kifuani. Akafunga hamsini. Alimwona mwenye duka na bega la Hamimu. Akaomba ile fupi ya ishirini na nne iliyokuwa imekaa nyuma kabisa na vumbi juu ya boksi. Tundu lake halikuwa la kutia ngumi, lakini lilikuwa pana vya kutosha. Alipoangalia, waliingia wote watano, na kaunta, na kalenda ya ukutani.

"Nipe hii."

"Hiyo?" Hamimu alishika kiuno. "Dada, lensi hainunuliwi kwa hatua kama kiwanja."

"Mimi nanunua kwa hatua, kaka."

Alilipa akaondoka. Jioni ile Hamimu akaandika kwenye kundi la chama kwamba asiye na themanini na tano asijiite mpiga picha wa harusi. Watu ishirini na wawili wakaweka dole gumba. Wengi wao walikuwa na kamera ndogo kama ya Mwavita. Mmoja aliuza friji ya mkewe akanunua themanini na tano, na mpaka leo anawapiga bibi harusi wa watu akiwa amekwama mlangoni, kisogo kikiwa kwenye korido. Halafu mnaniambia nisikasirike.

Sasa sikilizeni.

Hamimu alikuwa na mama, Bi Faida, aliyepatwa na kiharusi upande wa kushoto. Alikuwa mtu wa kitandani, na macho yake hayakuvumilia mwanga wa flashi hata kidogo. Watoto wake walikuwa sita. Hamimu ndiye kifungua mimba, Amisa ndiye wa mwisho, na wale wanne katikati walikuwa wametawanyika kila mmoja na mkoa wake. Amisa alipochumbiwa na mtu wa ng'ambo ya ziwa, wote sita wakakusanyika nyumbani kwa mara ya kwanza tangu baba yao azikwe.

Bi Faida hakuomba makubwa. Alisema, "Siku ninapompa Amisa radhi, nataka wanangu wote sita wawe wameshika mkono wangu, na nataka picha yake. Moja tu. Sitawaona tena hivi."

Amisa akamwita Mwavita. Mwavita alipofika akamwona Hamimu naye anatoa kamera yake kubwa begani, na mbele yake ile themanini na tano inang'aa.

"Kaka, leo wewe ni mtoto wa mama," Mwavita alimwambia kwa upole. "Kaa naye. Mimi nitapiga."

"Picha ya mama yangu haipigwi na lensi ya hatua."

Wakaingia. Watoto watano wakapiga magoti kuzunguka kitanda. Hamimu akarudi nyuma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne mgongo wake ukagonga ukuta. Akaangalia. Akasogea kulia, akaangalia. Akapanda juu ya kinu, akaangalia tena. Hata kwa kamera yake kubwa alimpata mama na watoto wawili.

Badala ya kuona aibu, akaanza kutoa amri. "Salama, toka kidogo. Nyie wawili nitawapiga baadaye."

"Baadaye vipi, na mama kasema wote?" Salama, mdogo wake anayemfuata, aliuliza.

"Basi mbebeni mama tumtoe uani. Uani kuna nafasi."

Mwavita alihisi damu inampanda. Mtu wa kiharusi, ambaye kugeuzwa tu kwenye godoro analia, abebwe mpaka juani! Si kwa ajili ya daktari wala kwa ajili ya moto, ila kwa sababu lensi ya mwanawe haitoshei chumbani mwake mwenyewe.

"Mama habebwi," Mwavita alisema, akasimama kati ya Hamimu na kitanda.

"Wewe nani humu ndani?"

"Mimi si mtu. Lakini mama habebwi."

Wale ndugu wengine hawakunyanyuka magotini. Hamimu aliwatazama, akamtazama mama yake aliyekuwa amefumba macho, akasonya, akatoka nje. Mara wakasikia hatua zake nyuma ya nyumba. Alikuwa ameamua kupigia dirishani, apate umbali wa nje ajumlishe na wa ndani. Kwa mbali dirisha lilimkatia watu pande zote mbili, ikabidi asogee, akasogea, mpaka lensi ikapenya kati ya nondo. Chumba kikaingia giza, maana mwanga wote wa mle ulikuwa unatokea pale pale aliposimama.

Bi Faida akafumbua macho. Akauinua mkono wa kulia kwa shida na kuuweka juu ya shela la Amisa.

"Nimewapa radhi," alisema. "Shikeni mkono wangu. Hamimu yuko wapi?"

"Yuko dirishani, mama," Salama alijibu.

"Anafanya nini huko? Mwambieni aingie."

"Mama, tulia hapo hapo!" Hamimu alipaza sauti toka nje. "Msisogee! Dakika moja tu, natafuta pembe!"

"Ingia, baba," Bi Faida alisema.

"Dakika moja, mama!"

Kina mama waliopatwa na kiharusi hawana dakika za kugawa. Mkono ulikuwa unatetemeka, unaanza kushuka. Mwavita alikuwa kwenye kona ya mlango, mabega yote mawili yamebana ukuta. Akafungua tundu la lensi mpaka mwisho wake, akabana pumzi, akabonyeza mara tatu. Mkono wa Bi Faida ukaanguka juu ya shuka, na usingizi ukamchukua.

Alasiri ile Amisa alivushwa ziwa kwa mumewe. Kesho yake ndugu watatu wakapanda treni, waajiri wao hawakuwa na subira. Keshokutwa Mwavita akaleta picha, ameisafisha kwenye karatasi kubwa. Nyumbani alimkuta Salama, na Hamimu akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na picha yake mwenyewe mkononi. Hamimu alikuwa amepata sikio la Amisa. Kwa kweli lilikuwa sikio zuri, kila kishanga cha hereni unakihesabu. Vingine vyote vilikuwa vimeyeyuka, mama akiwemo.

Mwavita akamwekea Bi Faida ile yake kifuani. Palikuwa na kitanda chote, mkono ulioinuliwa, shela la Amisa, nyuso zilizolowa machozi. Salama alianza kulia upya.

Bi Faida alipitisha kidole taratibu, uso kwa uso. "Amisa. Salama. Huyu Ramia. Huyu Kitwana. Huyu Mashaka." Kidole kikaendelea mpaka pembeni mwa picha, kwenye dirisha. Mle dirishani palikuwa na mikono miwili, kofia, na katikati, mahali pa uso, kioo kikubwa cheusi cha mviringo.

"Na huyu ni nani?"

Mwavita aliangalia chini. Aliingia nyumba ile na hasira ya mwezi mzima tangu siku ya dukani, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Ni mimi, mama," Hamimu alisema.

Bi Faida aliisogeza picha karibu na macho, kisha akairudisha kifuani.

"Samahani, baba," alisema. "Nilidhani ni mpiga picha."

Funzo: Usichague lensi, wala kitu kingine chochote, kwa sifa inazopewa na watu wenye barabara nzima mbele yao. Pima chumba chako, hesabu unaotaka wawemo, na usisahau kujihesabu na wewe.