Bata Aliyeburuza Bawa

Wapendwa, mkulima mmoja alikuwa na jaruba la mpunga kando ya bwawa, na punje zilikuwa zimeanza kuingia maziwa. Mnaolima mpunga mnanielewa: wakati huo mtu hashuki ulingoni, kile kichanja cha kulindia ndege. Wale ndege wadogo, kweleakwelea, wakitua, umelima bure.

Alfajiri, alipokwisha kupanda ulingoni, mkewe alimwambia, "Baba watoto, leo usishuke hapo juu hata kwa kiu. Chakula nitakuletea."

"Nishuke niende wapi, mama? Hilo niachie mimi."

Jua lilipopanda, akamwona bata mwitu jike kwenye maji mafupi. Bata wa aina ile hapigi mbizi. Huinama tu, kichwa chini mkia juu, akichokoa mbegu kwenye tope. Mkulima akamcheka, kisha akameza mate. Watoto wake hawakuwa wameonja nyama tangu Krismasi. Akashika teo lake la kurushia ndege udongo, akashuka. Mara moja tu, alijiambia.

Alipoyakaribia majani marefu ya ukingoni mwa bwawa, bata akamtokea kwa kelele, bawa moja likiburuzika. Kumbe kavunjika! Mkulima akamfuata mbio. Bata anaanguka, anainuka, mkono ukimfikia anaponyoka. Wakavuka tuta, wakavuka mfereji, wakaingia maji ya upande wa pili. Hapo bata akaruka wima kutoka majini, mzima kabisa, akazunguka kurudi kwenye yale majani, ambako vifaranga wake walikuwa wamejibanza kimya.

Ndipo mkulima aliposikia mvumo. Akageuka. Wingu la kweleakwelea lilikuwa likiinuka kutoka jarubani kwake.

Alimkuta mkewe chini ya ulingo, bakuli mkononi. "Ulikuwa wapi?"

"Kulikuwa na bata, mama. Nilidhani bawa limevunjika, kumbe alikuwa akinivuta mbali na vifaranga wake."

Mkewe akautazama mpunga, akamtazama yeye. "Bata kaacha kula, kajitoa yeye mwenyewe ili wanawe wapone. Wewe umewaacha wanao, ukamfuata bata."

Neno lile lilimchoma moyo. Akapanda ulingoni bila kugusa chakula. Kesho yake bata akaja tena, kichwa chini mkia juu, na safari hii alionekana mnono kuliko jana. Mkulima akampa kisogo, akavurumisha udongo na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mpunga uliosalia aliuvuna wote.

Sasa tuje kwetu sisi. Nani hapa hajawahi kushuka mara moja tu? Baba, ulingo wako ni upi? Mama, wewe je? Tukishapoteza, tunamlaumu aliyetuvuta: rafiki, jirani, shetani. Lakini hebu tuseme kweli leo. Yule bata hakumdanganya mtu aliyekuwa ulingoni. Alimdanganya aliyekwisha kushuka.

Basi tuliokwisha kushuka tupande sasa hivi, na aibu yetu hiyo hiyo. Bado kuna mpunga shambani, na ndege hawajaondoka.