Mashine ya Arobaini ya Mheshimiwa Mugeta

"Mashine hutoka mjini, ruhusa hutoka kwa ubao."

Ninyi wa kidato cha kwanza mmeisikia methali hii leo asubuhi, mpishi alipomwambia kiranja aliyetaka kuunganisha spika ya mahafali, kubwa kama kabati, kwenye betri ya sola ya bwalo. Kiranja alinuna. Ninyi mkacheka bila kuelewa, jambo ambalo ni kosa. Kisha Sospeter akaja kuniuliza methali yenyewe ilitoka wapi, jambo ambalo ni adabu. Basi kaeni. Mimi ndiye mzee wa bweni hili. Nina miaka kumi na minane na ndevu nne. Tena nilikuwepo, methali hii ilinilowesha mpaka kwenye soksi.

Methali hii ilianza hivi.

Kisiwani kwetu Mwibondo kuna boti moja ya umma. Ndiyo inayopeleka wajawazito hospitali ng'ambo, ndiyo inayoleta chumvi na walimu, na kila shule zinapofunguliwa ndiyo inayotuvusha sisi wa bweni na matranka yetu na magodoro yetu. Iliundwa na fundi Nyabise, mwanamke wa makamo aliyerithi randa na nyundo ya mti kwa baba yake. Katika ukoo wao kuna desturi. Boti ikishakamilika, fundi hulaza sikio kwenye ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, akaugonga taratibu kwa nyundo: juu, chini, pembeni. Wenyewe husema anauuliza. Akisharidhika na jibu, huchukua patasi na kuchonga alama upande wa ndani. Alama moja ni nguvu za farasi watano. Ubao wa boti yetu ulikuwa na alama tatu, yaani mashine ya kumi na tano na si zaidi.

Kwa miaka saba boti ilikwenda na mashine ya kumi na tano, na hakuna mjamzito aliyejifungulia majini. Lakini mwenyekiti wa kamati ya boti alikuwa Bwana Mugeta. Mugeta alipenda aitwe Mheshimiwa, ingawa hakuna uchaguzi aliowahi kushinda zaidi ya ule wa kamati, ambao hakuwa na mpinzani. Na Mheshimiwa alikuwa na kidonda moyoni: boti ya kisiwa jirani cha Chamuhi ilikuwa ikitupita. Kila tulipokutana nayo katikati ya maji, abiria wao walitupungia vitambaa na kupiga kelele.

"Mwibondo! Mnavua au mnasafiri?"

"Tukifika tuwasalimie nani? Ninyi mtafika kesho!"

Sisi tulicheka, na wengine tuliwajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya kidato cha kwanza. Mheshimiwa hakucheka. Akaenda mjini, akarudi na mashine ya arobaini, nyeusi, inang'aa, bado imo ndani ya nailoni yake.

Fundi Nyabise aliitwa. Aliitazama mashine, akaitikisa kidogo kupima uzito wake, kisha akaenda kwenye boti na nyundo yake. Aliuuliza ubao kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa ameshasawijika.

"Mheshimiwa, ubao umekataa."

"Ubao umekataa," Mugeta akarudia, akiwageukia wanakamati wake. "Umetumia lugha gani, Kijita au Kikerewe?"

Wanakamati wakacheka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya wanakamati.

"Cheka tu, baba," Nyabise akasema. "Mashine hii ni nzito mara mbili ya ile, na ikisukuma itasukuma karibu mara tatu. Nipe wiki tatu. Nivuke nikatafute ubao wa mninga, nitoe huu, niweke mpya na mbavu mbili za kuushikilia. Ukiniharakisha, utakuja kuniambia mwenyewe."

"Nenda basi, mama. Nenda kachague mbao yako," Mugeta akajibu kwa upole. Upole wa Mugeta ndio wa kuogopa.

Nyabise akavuka siku ile ile. Naye Mugeta alikuwa tayari amealika wageni kwa ajili ya uzinduzi Jumatatu, siku ya kufungua shule, na mchele wa pilau ulikuwa umeshachambuliwa. Jumatatu tulipofika ufukweni na mizigo yetu tukakuta boti imepakwa rangi ya bluu, ndani na nje. Ubao wa nyuma ulikuwa laini kama meza ya mwalimu mkuu. Hapakuwa na alama hata moja.

"Zile alama tatu ziko wapi?" mama mmoja akauliza.

"Nyabise ameshabadilisha ubao kabla ya kuondoka," Mugeta akatangaza. "Huu ni mpya. Ubao mpya hauhitaji mikwaruzo ya kizamani."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, na mikono hii bado inaniuma kwa aibu.

Tulipanda wanafunzi kumi na sita. Usukani alikuwa nao Masatu, nahodha aliyepewa kazi na Mugeta mwenyewe, na Mheshimiwa alikaa mbele kabisa, amevaa koti, kama sanamu ya kujisifu. Nikiri ukweli: tulipoanza kwenda, ilikuwa raha. Pua ya boti iliinuka, maji yakagawanyika, wasichana wakapiga vigelegele. Hatujatoka mbali na ufukwe, nyuma yetu ikatokea boti ya Chamuhi.

Mugeta akasimama. "Fungulia, Masatu!"

"Mheshimiwa, ubao unalia huku nyuma."

"Acha ulie. Utachoka utanyamaza. Fungulia!"

"Mheshimiwa, mimi nausikia..."

"Nani amekupa kazi, mimi au ubao? Fungulia yote!"

Masatu akafungulia yote. Ukasikika mlio kama wa mtu anayepasua kuni kavu. Nilipogeuka, mashine haikuwepo. Nyuma ya boti palikuwa na tundu kubwa kama mlango, na ziwa lilikuwa likiingia bila kubisha hodi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanza na haijaisha hadi leo. Hatukuokolewa na maboya. Maboya yalikuwa yamefungiwa ofisini kwa kamati yasichafuke kabla ya wageni kuyaona. Tuliokolewa na magodoro. Godoro la sponji likifungwa vizuri kwenye nailoni huelea, na kila mmoja wetu alikumbatia la kwake. Isipokuwa mimi. Langu lilikuwa limeshakaliwa. Mheshimiwa Mugeta alikuwa amelilalia kifudifudi, koti na yote, na nilipolishika pembeni akaniambia, "Usinipindue, kijana, mimi ni kiongozi." Nikapiga maji kwa miguu, nimeshika kamba ya godoro langu mwenyewe kama mbuzi anayepelekwa mnadani, mpaka boti ya Chamuhi ilipotufikia na kutuokota mmoja mmoja, kisha ikaikokota boti yetu iliyojaa maji hadi ufukweni. Hawakutupungia kitambaa. Hawakusema neno la kejeli hata moja, na hilo liliuma kuliko kejeli. Hakufa mtu. Matranka kumi na sita yalizama, na langu lilikuwa na kilo mbili za sukari.

Kesho yake fundi Nyabise akarejea. Alishuka na ubao wa mninga begani, unene wa kiganja, mwekundu, mzuri, na akakuta watu ufukweni wanamtazama kama mchawi. Mheshimiwa alikuwa ameshazunguka nyumba kwa nyumba akieleza: ubao mpya wa Nyabise umetaka kuua watoto wetu.

"Ubao gani mpya?" Nyabise akauliza. "Ubao mpya si huu hapa? Ndiyo kwanza nautua."

"Huo umeuleta leo ili ufiche kosa lako la jana," Mugeta akajibu mbele ya watu. "Mkutano ni Alhamisi."

Alhamisi kisiwa kizima kilikusanyika uwanja wa shule ya msingi. Mugeta alipendekeza fundi Nyabise asiguse tena boti yoyote ya Mwibondo, wala kuunda wala kuziba tundu, yeye na watoto wake baada yake. Vizazi vitatu vya ufundi, vifutwe kati ya chai na chakula cha mchana.

"Mliona wenyewe," alisema. "Ubao uliovunjika haukuwa na alama. Wa zamani ulikuwa na alama tatu. Kwa hiyo uliovunjika ni wa nani?"

Watu wakanong'ona. Hoja ilisimama wima, kama uongo mwingi uliooga ukavaa vizuri. Nyabise alisema tu, "Mimi sikuugusa ubao ule. Masatu anajua." Masatu alikuwa akihesabu vidole vyake vya miguu, na kila alipomaliza alianza upya.

Hapo ndipo sisi tukaingia.

Shule ilikuwa haijatupokea bado, kwa kuwa hatukuwa na sare wala madaftari, na mwanafunzi asiye na daftari hutafuta kazi. Tulikuwa tumekumbuka kwamba dumu la mafuta lilifungwa kwa kamba ndefu kwenye mashine. Jumatano tuliliona, linaelea pale pale, linatuonyesha mahali. Vijana wawili wa Chamuhi walikuja na mtumbwi wao, wakapiga mbizi nasi. Mashine tuliikuta chini, katika kina cha pima tatu, na ubao ulikuwa bado umeng'ang'aniwa na bolti zake. Tulipoutoa juu nikaupitisha mkono kwa ndani, na mkono ukateleza kwa namna ambayo mimi, niliyefua shati langu mwenyewe kwa miaka mitano ya bweni, naijua vizuri.

Tuliingia mkutanoni sita, mwendo wa maziko, tumebeba mzigo uliofunikwa shuka jeupe. Wazee wakavua kofia, wakidhani kuna msiba.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema kwa sauti ya kusoma risala, "sisi manusura wa uzinduzi tumeona si adabu kuondoka bila kukuletea shukrani."

Mugeta akalainika. "Vijana wenye heshima hawa," akawaambia watu. "Fungueni."

Tukafunua. Makofi yaliyokuwa yameanza yakafia mikononi. Ilikuwa mashine yake ya arobaini, ina matope, na ubao wa bluu nyuma yake.

"Tunaomba beseni la maji," nikasema.

Mama mmoja akaleta. Nikachota maji, nikamwaga juu ya ubao, nikaanza kuusugua kwa kiganja. Rangi ikabanduka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji moto. Chini yake kukatoka povu. Nikasugua tena, povu likazidi, jeupe, likatiririka mpaka kwenye viatu vya wanakamati. Uwanja mzima ukanukia sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Povu lilipokwisha, zikabaki alama tatu za patasi, zilizochongwa miaka saba iliyopita.

"Shikamoo, Mheshimiwa," nikauliza. "Mninga siku hizi unaota na sabuni ndani?"

Hakuna aliyecheka. Ninyi mnacheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mama aliyeuliza alama ziko wapi siku ya uzinduzi alisimama. Mwanawe alikuwa mmoja wa wale kumi na sita. Akamwambia Mugeta polepole, "Uliziziba. Ulijua ubao umekataa, ukauziba mdomo kwa sabuni, kisha ukawapakia watoto wetu juu yake. Na leo unamfukuza aliyekuonya."

Masatu akaacha vidole vyake. "Mimi ndiye niliyepaka rangi," akasema. "Sabuni aliitia mwenyewe, kwa kisu. Nisameheni."

Mnadhani Mugeta aliomba radhi? Alijifuta jasho akasema, "Kuna makosa yalifanyika." Yalifanyika! Kama mvua, hayana mwenyewe. Akaongeza kwamba hata hivyo mashine ilikuwa nzima, imetoka mjini, ina karatasi zake zote na muhuri, kwa hiyo yeye binafsi haoni tatizo lake lilikuwa wapi.

Nyabise akainuka. Hakupaza sauti na hakumtukana mtu, nami hadi leo sijui aliwezaje. Alikwenda kwenye ule ubao, akainama, akaweka kidole kwenye alama ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Karatasi zako nimeziona, baba," akamwambia. "Mashine hutoka mjini. Ruhusa hutoka kwa ubao."

Akachukua nyundo yake akaenda zake ufukweni kuanza kazi, kwa kuwa palikuwa na mjamzito wa miezi minane mtaa wa juu, na boti ilikuwa na tundu.

Mugeta aliondolewa uenyekiti kabla jua halijafika utosini. Ubao wa mninga ulipokamilika, na mbavu zake mbili, Nyabise hakuuliza peke yake. Aliita kamati mpya, wote saba, wakapiga magoti mchangani na kulaza masikio kwenye ubao wakati yeye anagonga. Ndipo akachonga alama nane. Mashine ya arobaini ikasafishwa, ikafungwa, na boti inakwenda nayo mpaka sasa. Tukikutana na Chamuhi tunawapita, kisha tunapunguza mwendo kidogo, kwa adabu, maana wametutoa majini.

Tangu siku ile, Mwibondo, mtu akileta kitu kikubwa na kukitundika juu ya kitu kidogo bila kuuliza, huambiwa maneno yale ya Nyabise. Mpishi wetu mnayemcheka kwa kuunguza maharage ni mzaliwa wa kule. Mwanawe alikuwa kwenye boti ile, na mpishi mwenyewe ndiye yule mama aliyesimama mkutanoni. Akimwambia kiranja kwamba betri ya bwalo haijaulizwa, anajua anachosema, na kiranja avute waya wake arudishe spika alikoitoa.

Godoro langu sijarudishiwa. Nimeambiwa Mheshimiwa bado analilalia. Mkipita kwake likizo mwambieni namsalimia, kisha mwambieni, kwa heshima zote, na kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: mashine hutoka mjini, ruhusa hutoka kwa ubao.