Kibuyu cha Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na vyungu vyao jikoni, kiangazi kilikausha visima vyote, likabaki bwawa moja tu. Kiboko akalikalia.

"Hakuna kunywa bure," akasema. "Kila mmoja aniwekee amana kitu anachokipenda kuliko vyote, kisha alime shamba langu. Asiyelima, kitu chake hakioni tena."

Basi Nungunungu akaleta kioo, Swala akaleta bangili, hata Nyati, na misuli yake yote ile, akaleta kitanda chake. Walilima mpaka migongo ikapinda. Jioni walipita kwanza ukingoni kuchungulia vitu vyao, ndipo wakanywa. Kesho yake wakalima tena.

Pimbi alikuwa na mtoto mchanga na kibuyu kimoja, cha marehemu mama yake. Siku midomo ya mtoto ilipokauka, alikwenda bwawani amekikumbatia kibuyu, akilia njia nzima. Alipofika akafuta machozi.

"Shikamoo, mzee. Amana yangu hii."

"Marahaba. Kunywa, kisha shika jembe."

Mama na mtoto wakanywa, gugugu, gugugu. Pimbi akajifuta mdomo, akambeba mwanawe mgongoni, akaanza kwenda zake.

"Wewe, jembe liko huku!"

"Nimeliona."

"Hulimi? Basi kibuyu hukioni tena."

"Kaa nacho. Mimi si punda wa kibuyu."

Moyo wa Pimbi ulimuuma, lakini hakurudi nyuma.

"Ila mzee, mwenyewe umesema ni amana. Anayepokea amana huilinda. Ikipotea, utanijibu mbele ya wanyama wote."

"Kesho hutagusa maji yangu!"

"Kesho utanifukuza mimi. Na hivi vitu, nani atavilinda?"

Shambani, Nyati alikuwa anasikiliza. Akalitupa jembe chini, puu. "Na kitanda changu, mzee, kisiliwe na mchwa," akasema, akaenda kunywa.

Kiboko akamkimbilia kwa hasira. Mara akasikia nyuma yake, ti! Pimbi amekigonga kioo kwa ukucha tu. Kiboko akarudi mbio, akavikalia vitu vyote, kwa kuwa naye alikuwa amekwisha kuvipenda, hasa kile kioo. Wanyama wengine wote wakatupa majembe, wakanywa wakashiba.

Tangu siku hiyo Kiboko alikaa ukingoni juani, ngozi ikimpasuka, maji yako pale chini yake. Hakuthubutu kuingia, asije akaibiwa.

Kila asubuhi Pimbi alipita na mwanawe kunywa. Alikitazama kibuyu cha mama yake, akatabasamu.

"Shikamoo, mzee. Kibuyu changu hakijambo?"

Kiboko akakifuta kibuyu vumbi.

Wanangu, kitu usichoweza kukiacha, hicho ndicho bwana wako. Hadithi yangu naiacha papa hapa, anayeitaka na aiokote.