Kisima cha Obadia

Nyamazeni, wana wa wachuma pamba, mnisikilize mimi Zefania mwenye miaka themanini na miwili, kwa maana habari ya Obadia mmeisikia kwangu kila Siku ya Uhuru, na kila mwaka nimewapa nusu yake.

Zamani zile Amerika ilikuwa na karatasi iliyosema watu wote wameumbwa sawa, na wengi wa walioitia saini walikuwa na watumwa mashambani. Katika zama hizo, kando ya mto Misisipi, alizaliwa Obadia, mwana wa Keziya aliyeuzwa mara tatu, binti wa mwanamke aliyevushwa bahari na pingu miguuni na ambaye jina lake halikuandikwa popote. Miaka miwili baadaye nikazaliwa mimi, tumbo lile lile. Yeye aliitwa Obadia Kifua-cha-Mwamba, Obadia Bega-la-Watu. Mimi niliitwa mdogo wake Obadia, basi. Hiyo karatasi ingewadanganya wengine, si mimi. Sikuwahi kuwa sawa hata na ndugu yangu.

Vita vya Kaskazini na Kusini vilipowaka, alitoroka akajiunga na jeshi la Kaskazini, akarudi na koti la buluu na kovu shingoni, na mama akalilia lile kovu siku tatu. Mimi niliyebaki kumlisha mama sikuliliwa na mtu. Watumwa wakaachiliwa, wanaume weusi wakapiga kura, na kwa miaka michache tukadhani nchi imetubu. Kisha askari wa Kaskazini waliotulinda wakaondolewa, wakaja wapanda farasi waliofunika nyuso, wakachoma nyumba za waliopiga kura. Hapo Obadia alisimama kanisani akatamka, "Kanzasi kuna ardhi ya serikali. Anayekaa juu yake miaka mitano na kuilima, inakuwa yake. Mimi naenda." Familia arobaini zikamfuata.

Manahodha wa meli za mto walikataa kutupakia, tukakaa ukingoni wiki mbili tukila mahindi makavu. Meli moja ilipokuja ukingoni kuchukua kuni, Obadia alijitosa majini akaidaka kamba yake, akaikaza kwenye kisiki, akamwambia nahodha, "Nauli tunayo. Tupakie, au kaa nasi hapa hapa." Akatupakia. Watoto wenu huimba kwamba aliishika meli peke yake. Nami nilikuwa nimeishika kamba ile, nyuma yake, mpaka viganja vikachubuka, lakini katika wimbo simo.

Tukafika Kanzasi, tukajenga nyumba za mabonge ya udongo na nyasi. Mwaka wa tatu kijito kikakauka, ng'ombe wakafa, na watu wakaanza kufunga mizigo warudi kwenye pamba, kwa mabwana wale wale. Obadia akawazuia kwa neno moja. "Nipeni siku kumi nichimbe kisima. Nikikosa maji, nitawasindikiza mwenyewe. Na kamba yangu ashike Zefania, simtaki mwingine."

Wachimba visima wana desturi yao. Kila asubuhi, kabla mchimbaji hajashuka, mshika kamba hutangulia kushusha mshumaa unaowaka. Ukizimika, hewa mbaya imelala chini, na hakuna kushuka mpaka ifukuzwe kwa ndoo za maji. Siku saba nilishusha mshumaa bila kukosa.

Siku ya nane ilikuwa Jumapili, na baada ya ibada wazee waliita mkutano wa kuupa mji jina. Sikwenda. Nilijua jina litakalotajwa, na mikono yangu isingeweza kulipigia makofi. Nilikaa kando ya shimo, roho ikiniuma, nikisikia vigelegele kwa mbali.

Jumatatu alfajiri Obadia alikuja akitabasamu peke yake. "Mshumaa umeushusha, mdogo wangu?"

"Nimeushusha, kaka."

Sikuwa nimeushusha. Sikutaka afe, naapa mbele yenu. Nilitaka apande akikohoa, watu wamwone mara moja tu akiwa mtu kama mimi.

"Haya. Nikipanda nina neno nawe," akasema, akashuka.

Nikasikia sululu ikigonga, kisha sauti yake, "Vuta!" Nikavuta. Ndoo ikaja na tope, na juu ya tope maji. Nikamwita, asijibu. Ndipo nikashusha mshumaa, nao ukazimika ulipokaribia chini. Nikaita watu, tukamtoa kwa kulabu, amekwisha kufa.

Maji yale yaliwafanya wote wafungue mizigo. Miaka mitano ikatimia, ardhi ikawa yetu, nanyi mkazaliwa watu wenye mashamba. Ndiyo maana hapa kwetu hakuna ashukaye shimoni mpaka watu wawili waushuhudie mwali wa mshumaa ukiwaka chini. Sheria hiyo niliitunga mimi, mkanisifu kwa busara.

Kaburini wazee waliniambia neno ambalo Obadia aliwaomba wasiniambie, ili anieleze mwenyewe. Walipolitaja jina lake Jumapili ile, alisimama akakataa. Alisema, "Mimi mtaniimba mtakavyo. Mji mpeni jina la aliyenishikia kamba."

Nilimwonea wivu akiwa hai, na leo namwonea wivu zaidi, maana alishuka akiniamini, akalala. Mimi nimeishi karibu miaka hamsini katika mji wa Zefania, na kila barua iletwayo hapa, hata iwe ya nani, juu yake imeandikwa jina langu.