Chachu Isiyouzwa

Mtu mmoja wa Ujerumani alikuwa na chachu ya bia aliyoachiwa na baba yake. Alipohamia Amerika aliikausha juu ya kitambaa, akakishonea ndani ya koti, na huko ugenini akaifufua kwa maji na shayiri. Msininunie kwa kuwa nimetaja bia mahali hapa. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai arusini na wageni wakanywa.

Jina lake Anselm. Kwao wapika bia walikuwa na desturi kwamba chachu haiuzwi. Ikifa kwako, unachukua ndoo, unakwenda kwa jirani, naye anakujazia. Siku ikifa kwake, atakuja kwako. Ndivyo chachu ya kijiji kizima ilivyodumu vizazi na vizazi.

Lakini Anselm alikuwa ameingiwa na hofu ya ugenini, ile inayomwambia mtu kwamba alicho nacho ndicho pekee atakachopata. Korbinian, Mjerumani mwenzake aliyepika bia ng'ambo ya barabara, alipokuja na ndoo, Anselm alimwambia kuwa desturi ile imebaki kwao Ujerumani. Korbinian akarudi na ndoo tupu, akaenda mbali sana kutafuta chachu mpaka akaipata. Anselm akatia kufuli ghala lake la chini ya ardhi, akaiatamia chachu yake kama kuku.

Ukaja mwaka wa joto kali. Barafu iliyokatwa mtoni wakati wa baridi ili kuipoza chachu ikayeyuka yote ghalani. Asubuhi moja Anselm alikwisha kuchemsha shayiri yake ya mwisho, na maji yake yanapoa pipani, ndipo akafungua chombo cha chachu akakuta imeoza. Maji yale yasipotiwa chachu siku hiyohiyo huharibika, na yakiharibika kiwanda kingefungwa na nyumba ingekwenda nacho. Mkewe, Ottilie, alitumbukiza kidole pipani, akaona yamebaki vuguvugu. Alimletea ndoo.

Anselm akavuka barabara. Alikuwa amejiandaa kufungiwa mlango, na kwa kweli alitamani afungiwe, maana hapo angepata wa kumchukia. Mlango ukafunguliwa. Korbinian aliipokea ndoo bila kuuliza, akaijaza, akaiweka kizingitini. Anselm akatia mkono mfukoni atoe fedha.

Korbinian akatikisa kichwa. "Chachu haiuzwi, Anselm. Ichukue, shayiri yako inapoa."

Anselm hakusogea. Angetajiwa bei, hata bei ya kumkomoa, angelipa upesi. Angetukanwa, angejibu. Lakini kupewa bure na mtu aliyemnyima, hilo lilimshinda. Ndoo ilikuwa miguuni pake na mgongo wake haukuweza kuinama. Alisimama pale jasho likimtoka, mkewe akimwangalia kutoka dirishani, na pipa likizidi kupoa. Kisha akageuka, akarudi kwake mikono mitupu. Jioni wakayamwaga maji yote ya shayiri mtaroni, na Ottilie akaanza kufunga mizigo.

Kila nikimkumbuka mtu huyu naumia, kwa sababu hakunyimwa. Nawe unayelalamika kwamba mlango wa Mungu umefungwa, je, uliukuta umefungwa kweli, au ulikataa kuinama kwa kuwa ulichowekewa kizingitini kilikuwa cha bure?